IBN BATTUTA: MSAFIRI ALIYEISHI KWA AMANA ZA WATU



Ndugu msomaji, wengi wetu twamjua Ibn Battuta kwa jina tu. Tulimsoma shuleni katika somo la historia: msafiri kutoka Morocco, alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandikiwa kitabu. Basi, mwalimu akafuta ubao, tukaingia somo lingine.

Lakini je, umewahi kujiuliza bwana huyu alikuwa akila nini njiani? Nauli alilipiwa na nani? Alitoka kwao akiwa kijana, akazunguka Afrika, Bara Arabu, Shamu, India na Uchina kwa muda wa miaka 29 hivi. Hakukuwa na benki ya kutoa pesa ukutani. Hakukuwa na simu ya kumpigia mama akutumie M-Pesa. Kila nchi ina pesa yake, na pesa ya nchi moja huenda nchi ya pili isiwe na maana yoyote. Sasa yeye aliishi vipi?

Swali hili si la historia peke yake. Leo vijana wetu wanakwenda kusoma Madina, Misri na Malaysia. Dada zetu na kaka zetu wanakwenda kufanya kazi Ghuba. Wazee wetu wanakwenda Hijja na akiba ya miaka mingi wameifunga kiunoni. Kila mmoja wao atafika mahali ambapo hajui lugha, hajui bei, na pesa yake iko mikononi mwa watu asiowajua. Ndiposa katika mwezi huu mtukufu nimeona tuyatazame maisha ya Ibn Battuta kwa upande huu wa mfuko wake.

KIJANA WA MIAKA 21

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, maarufu kama Ibn Battuta. Alizaliwa mjini Tanja, kaskazini mwa Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Ukoo wake ulikuwa wa makadhi, naye akasoma fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaondoka kwenda Hijja. Aliondoka peke yake, bila mwenzake wa njiani.

Kabla hajafika mbali alipata somo lake la kwanza kuhusu mali ya msafiri. Katika mji wa Bijaya, ulioko Algeria ya leo, mfanyabiashara mmoja wa Tunis aliyekuwa akisafiri nao alifariki dunia. Marehemu aliacha dinari 3,000 za dhahabu, na kabla ya kufa alizikabidhi kwa mtu mmoja wa Algiers awafikishie warithi wake huko Tunis. Gavana wa Bijaya alipopata habari, alizichukua pesa zile kwa nguvu. Warithi wa marehemu wakabaki mikono mitupu. Ibn Battuta aliliandika jambo hilo kuwa ndiyo dhuluma ya kwanza aliyoiona kwa macho yake kutoka kwa watawala wa nchi ile. Tafadhali msomaji, ishike hadithi hii. Tutairudia mbele.

Hapo hapo Bijaya alishikwa na homa kali. Rafiki mmoja akamshauri abaki mpaka apone, lakini yeye akakataa, kwamba akifa basi afe njiani akiielekea Makka. Rafiki yule akamwambia auze mnyama wake na mizigo mizito, naye akamwazima mnyama wa kupanda na hema. Unaona? Kijana hata hajatoka Afrika ya kaskazini, tayari ameuza vitu vyake na anakwenda kwa kuazima.

Walipofika Constantine mvua kubwa iliwanyeshea usiku mahemani, wakalowa. Asubuhi gavana wa mji akaziona nguo zake zimechafuka, akaamuru zifuliwe. Shuka lake lilikuwa limechakaa, basi gavana akampa lingine zuri la kitambaa cha Baalbek. Alipolishika akakuta pembeni kumefungwa fundo, na ndani ya fundo mna dinari mbili za dhahabu. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyopewa katika safari yake yote. Gavana mmoja alinyang'anya 3,000 za marehemu, na gavana mwingine alifunga mbili kwenye pembe ya shuka ili mgeni asione haya. Subhanallah.

RAMADHANI YA DAMASCUS

Baada ya kupita Tunis, ambako alifanywa kadhi wa msafara wa mahujaji, na baada ya kuzunguka Misri, alivuka jangwa la Sinai kwenda Shamu. Njiani kulikuwa na kituo cha forodha kiitwacho Qatya. Hapo wafanyabiashara walitozwa na mizigo ikapekuliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita bila hati ya ruhusa. Kituo hicho kiliingiza dinari 1,000 za dhahabu kwa siku. Usiku mchanga wa njiani ulisawazishwa, na asubuhi mkubwa wa kituo akienda kuutazama. Akiona nyayo, hutuma watu wakamsake aliyepenya. Kwa hiyo wewe unayelalamika uwanjani ukiulizwa hiki na kile, jua mambo haya hayakuanza jana.

Aliingia Damascus tarehe 9 Ramadhan mwaka 726, yaani Agosti 1326. Huko alikutana na mwalimu mmoja wa Kimaliki, Nur al-Din al-Sakhawi, ambaye alimwomba awe akifuturu kwake kila usiku. Ibn Battuta akaenda siku nne, kisha homa ikamshika, akakosa kuja. Mwenyeji wake akatuma mtu kumwita. Alipofika, yule mwalimu hakumwachia aondoke tena. Akamlaza nyumbani kwake, akamletea tabibu, akamuuguza mpaka siku ya Idi.

Msafara wa Hijja ulikuwa unaondoka, na Ibn Battuta hakuwa amebakiwa na kitu. Masurufu yote yalikuwa yamekwisha. Nur al-Din alipojua, akamkodia ngamia, akampa chakula cha njiani, na juu yake akaongeza pesa taslimu za kumfaa kwa lolote litakalotokea. Hivyo ndivyo Ibn Battuta alivyofika Makka kwa mara ya kwanza: kwa pesa za mtu aliyefahamiana naye mwezi mmoja tu, katika Ramadhani.

Na katika mji huo huo aliona jambo ambalo lilimshangaza sana, nalo ni wakfu. Watu wa Damascus walikuwa na wakfu wa kila aina. Kulikuwa na wakfu wa kuwagharamia wasioweza kwenda Hijja, wa kuwapa mahari na vyombo mabinti wa maskini, wa kukomboa mateka, na wakfu wa wasafiri, ambao hupewa chakula, nguo na nauli ya kurudi makwao. Siku moja alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Mtoto alitetemeka kwa hofu ya bwana wake. Watu wakamwambia akusanye vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaenda, vipande vikatazamwa, akalipwa pesa za kununua sahani nyingine. Wakfu wa sahani zilizovunjika, ndugu yangu! Walifikiria mpaka haya ya mtoto.

MGENI WA PWANI YETU

Baada ya kukaa Makka na kusoma, alipanda jahazi kutoka Aden akaja upande wetu. Alifika Mogadishu, na huko akaukuta utaratibu unaostahili kufikiriwa. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni yule hukaa kwa mwenyeji huyo tu. Mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni kwa kununua kwake kwa bei ya chini mno, au akifanya naye biashara mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa ni batili.

Hebu fikiria maana yake. Mgeni hajui bei ya soko. Badala ya mji mzima kumgeuza shamba la kuvuna, mji uliweka mtu wa kubeba dhamana yake. Leo mgeni akishuka kituo cha basi Mombasa au Nairobi, wanaomkimbilia ni wangapi kwa kumlinda, na wangapi kwa kumlangua?

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliwaona watu wake wakila ndizi na samaki, akaisifu dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kisha akaenda Kilwa, mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala na uliopiga sarafu zake wenyewe za shaba, zenye majina ya masultani wake. Sultani wa wakati huo, Hasan, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku ya Ijumaa alipotoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani akabadili, akampa. Baadaye akamwongezea watumwa kumi na shehena mbili za pembe za ndovu. Zama hizo binadamu alihesabiwa pamoja na mali, na Ibn Battuta mwenyewe alimiliki watumwa. Tunayataja kama yalivyokuwa.

DENI LA DINARI 55,000

Sasa tufike mahali ambapo mfuko wa Ibn Battuta ulimtia taabuni. Mnamo Septemba 1333 alifika mto Indus, mpaka wa nchi ya Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi. Sultani huyu alikuwa na desturi ya ajabu. Kila mgeni alitakiwa ampelekee zawadi, naye humrudishia iliyo bora mara nyingi zaidi. Wafanyabiashara wakaona hapa kuna soko. Wakawa wanawakopesha wageni maelfu ya dinari pamoja na farasi, ngamia na vitu vya kumzawadia sultani. Mgeni akishalipwa na sultani, naye huwalipa, na faida yao ni kubwa.

Ibn Battuta aliingia katika mchezo huo mzima mzima. Tangu Ghazna alishanunua farasi kama 30 na ngamia mwenye shehena ya mishale kutoka kwa mfanyabiashara wa Tikrit, Iraq. Huko Multan ushuru ulikuwa robo ya bidhaa za mfanyabiashara, na dinari saba kwa kila farasi. Hata kabla ya kumwona sultani, mtu ameshazama.

Sultani alimpokea vizuri, akampa ukadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Pesa nyingi sana hizo. Lakini matumizi yakawa makubwa kuliko mshahara, ili afanane na wakubwa wa baraza. Haukupita muda, madeni yake yalifika dinari 55,000. Piga hesabu mwenyewe: huo ni mshahara wa zaidi ya miaka minne!

Kule mdai alikuwa na njia yake. Humngoja mdeni wake, kama ni mtu wa baraza, kwenye lango la kasri, akamzuia asiingie na kumdai kwa jina la sultani mbele za watu. Fedheha yake si ndogo. Ibn Battuta akatunga kaside ya kumsifu sultani na kumwomba amwondolee deni. Alipoona mambo yanachelewa, yeye mwenyewe akawaambia wadai wake waje langoni wamdai kama ilivyo desturi, ili habari zimfikie sultani. Hila ikafaulu. Sultani akauliza, hesabu ikatazamwa, na baada ya kucheleweshwa na maofisa wa hazina, deni likalipwa.

Wengine husoma kisa hiki wakacheka na kumsifu kwa ujanja. Mimi naona kuna la kuogopesha. Kadhi wa mji mkuu, mtu wa kuhukumu madeni ya wengine, anashikwa mlangoni kama mtoro! Na tazama mwisho wa yule mfanyabiashara wa farasi. Alilipwa pesa zake, akapata faida kubwa, akawa tajiri mashuhuri. Miaka mingi baadaye walikutana mjini Aleppo, wakati Ibn Battuta ameshanyang'anywa kila kitu. Tajiri yule hakumsaidia kwa lolote. Urafiki wa mkopo huisha siku mkopo unapolipwa.

DINARI KUMI NA BUSATI

Baada ya kama miaka minane, sultani alimtuma Uchina kama balozi, na msafara mzima wa zawadi. Hawajafika mbali na Delhi, akatekwa na wezi karibu na Koil, akatangatanga siku nyingi kabla hajarudi kwa wenzake. Walipofika pwani ya Calicut, zawadi na mizigo ikapakiwa kwenye majahazi ya Kichina. Yeye alibaki nchi kavu ili aswali swala ya Ijumaa. Bahari ikachafuka. Jahazi lenye zawadi likavunjika na watu wakafa. Jahazi la pili, lenye mali yake yote na watu wake, likatweka tanga likaondoka mbele ya macho yake. Alibaki ufuoni na dinari kumi na busati la kulalia. Kadhi wa Delhi, balozi wa sultani!

Hakuthubutu kurudi Delhi. Alikwenda visiwa vya Maldives, akafanywa kadhi tena, na huko pesa ilikuwa simbi, hawa konokono wadogo wa baharini ambao wengine tunawaita kauri au kete. Dinari moja ya dhahabu ilikuwa ni simbi 400,000, na wakati mwingine zaidi. Ziliuzwa Bengal kwa mchele. Miaka mingi baadaye alizikuta simbi hizo hizo nchini Mali, Afrika Magharibi, zikiwa 1,150 kwa dinari moja. Kitu kimoja, mkono mmoja ulioshika, lakini thamani imepishana zaidi ya mara 300. Pesa ni makubaliano ya watu wa mahali, ndugu msomaji.

Baadaye tena, kwenye bahari ya India, majahazi kumi na mawili ya maharamia yaliwazunguka. Wakamnyang'anya vito alivyopewa Ceylon, nguo, na masurufu aliyojiwekea kwa siku ya shida. Wakamwachia suruali tu. Aliingia Calicut hivyo hivyo. Mwanachuoni mmoja akampa nguo, kadhi akampa kilemba, na mfanyabiashara mmoja akampa vazi lingine.

PESA YA KARATASI

Hatimaye alifika Uchina, bandari ya Quanzhou ambayo Waarabu waliiita Zaitun. Huko aliona watu hawanunui kwa dhahabu wala fedha. Pesa yao ni vipande vya karatasi, ukubwa wa kiganja, vyenye muhuri wa mfalme. Ukienda sokoni na sarafu ya fedha hakuna atakayekutazama mpaka uibadilishe. Karatasi ikichakaa unaipeleka kwenye nyumba ya serikali, unapewa mpya bila malipo. Mtu wa Tanja, aliyezoea kuisikia dinari ikilia mkononi, sasa anakubali karatasi.

Kilichomvutia zaidi ni jinsi mali ya mgeni ilivyolindwa. Mfanyabiashara Mwislamu akifika mji, huchagua kukaa kwa mfanyabiashara mwenyeji au katika nyumba ya wageni. Akikaa kwa mwenyeji, pesa zake huhesabiwa na kuwekwa kwa mwenyeji huyo, ambaye humgharamia kutoka humo kwa uaminifu. Siku ya kuondoka huhesabiwa tena, na kikipungua kitu mwenyeji hukilipa. Akikaa nyumba ya wageni, msimamizi humshikia pesa, humnunulia mahitaji, na hutoa hesabu. Na mgeni akitaka kuzitapanya kwenye anasa, huzuiwa, maana hawakutaka isemwe katika nchi za Waislamu kwamba watu wao hufilisika Uchina.

MALI: AMANA YA MAREHEMU

Alirudi Morocco mwaka 1349, baada ya kupita Shamu na Misri wakati wa tauni kuu. Lakini miguu haikutulia. Mwaka 1352 alivuka jangwa la Sahara kwenda dola ya Mali. Kule chumvi ilikatwa vipande ikatumika kama pesa. Msafiri hakuhitaji kubeba chakula wala dirhamu, bali vipande vya chumvi, shanga za kioo na viungo kama karafuu. Akifika kijijini, wanawake humletea mtama, maziwa, kuku na mchele, akabadilishana nao.

Mfalme wa Mali, Mansa Sulayman, alimletea zawadi ya mgeni. Ibn Battuta akainuka kwa furaha akidhani ni mavazi na dhahabu. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando! Akacheka, na kitabuni akamwita mfalme yule bahili. Lakini baadaye Mansa alimpa nyumba na posho. Na usiku wa 27 wa Ramadhani, mfalme alipowagawia makadhi na wanavyuoni pesa walizoziita zaka, Ibn Battuta alipata mithqali 33 na theluthi za dhahabu. Alipoondoka akapewa mithqali 100.

Huko Timbuktu aliona kaburi la Siraj al-Din bin al-Kuwayk, mfanyabiashara mkubwa wa Alexandria. Kisa chake ni hiki. Mansa Musa, ndugu yake Sulayman, alipokwenda Hijja mwaka 1324, aligawa dhahabu nyingi mno Cairo mpaka thamani yake ikashuka. Na mwisho wake? Zikamwishia, akakopa kwa Siraj al-Din. Hata mfalme wa dhahabu hukwama safarini! Mdai alimtuma wakili wake, asirudi. Akafunga safari mwenyewe na mwanawe kuvuka jangwa, akafia Timbuktu. Mtoto akaendelea na njia mpaka kwa Mansa, akalipwa deni la babake, akarudi Misri. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama mdai ameshazikwa.

Na sasa turudi kwenye hadithi niliyokuomba uishike. Alipohesabu mambo aliyoyasifu kwa watu wa Mali, Ibn Battuta alitaja kwamba mgeni akifa kwao hawaigusi mali yake, hata ikiwa ni malundo kwa malundo. Huiweka kwa mtu mwaminifu miongoni mwa wageni wenzake, mpaka mrithi wake aje aichukue. Alianza safari mwaka 1325 kwa kuona dinari za marehemu zikiporwa na gavana. Baada ya miaka 27, ng'ambo ya Sahara, akaona amana ya marehemu ikingoja mwenyewe. Kwa hakika nchi hupimwa hapo.

Mwaka 1354 alirudi Fez, na kwa amri ya Sultani Abu Inan akasimulia safari zake, zikaandikwa na mwandishi Ibn Juzayy, kazi ikamalizika 1355. Alikuwa amesafiri umbali unaokadiriwa kupita kilomita 100,000. Baada ya hapo aliishi zaidi ya miaka kumi akifanya ukadhi kwao Morocco, mpaka alipofariki. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Allah amrehemu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, usiweke mali yako yote chombo kimoja. Jahazi la Calicut liliondoka na kila kitu. Wewe unayesafiri gawa: kidogo mfukoni, kidogo begini, kidogo benki, na nyingine kwa mwenzako unayemwamini.

Pili, jua pesa ya unakokwenda kabla hujafika. Uliza inabadilishwa kwa kiasi gani, badilisha mahali panapotoa risiti, na hesabu noti zako hapo hapo. Simbi ni 400,000 kwa mmoja na 1,150 kwa mwingine, na anayejua tofauti ndiye anayekula faida.

Tatu, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na inayofuata inamzungumzia msafiri asiyepata mwandishi, kwamba na iwekwe rahani. Mola wetu ametujali mpaka hapo, sisi twaona haya kumwambia rafiki tuandikiane!

Nne, usikope ili ufanane na watu. Kijana anafika ugenini, anaona wenzake wana simu na nguo za bei, anaanza kukopa. Mshahara wa dinari 12,000 haukumwokoa Ibn Battuta. Sembuse wako?

Tano, na hili ni letu sisi tuliobaki nyumbani. Ibn Battuta hakuishi kwa ujanja wake peke yake. Mara zote alipoanguka, aliinuliwa na mwenyeji: gavana wa Constantine, mwalimu wa Damascus, kadhi wa Calicut. Msafiri aliyekwama, ibn sabil, ametajwa na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Suratut Tawba miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri. Unapotoa zaka yako Ramadhani hii, humfikirii mwanafunzi mgeni aliyekwama mtaani kwako? Dereva wa lori aliyelazwa hospitalini na hana jamaa? Mkimbizi? Na yule aliyekuachia pesa zake umpelekee mamake kijijini, je, zimefika zote?

Mwanao yuko ugenini leo. Amana unayoilinda ya mtoto wa mwenzako, mwombe Allah ailinde ya wako.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awarudishe wasafiri wetu salama, na atuhifadhi na deni lisilolipika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Mubarak.